Kwanza uliza simu ni ya nani: nilivyofundisha Biolojia kwa simu Lushoto

Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tangazo lilisema siku thelathini. Wanafunzi wa shule yetu ya kata huku milimani Lushoto wakabeba madaftari yao na kuteremka mabondeni wakijua watarudi baada ya mwezi. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na madarasa mengine yote tarehe 29 Juni. Katika miezi hiyo mitatu na ushee nilifundisha Biolojia kwa simu, na mpaka leo simu imebaki miongoni mwa zana zangu za kufundishia, ingawa naitumia tofauti kabisa na nilivyoanza.

Nawaandikia walimu wa shule kama yetu. Hatuna chumba cha kompyuta. Wazazi wetu wengi wanalima kabichi, karoti na viazi, na kuna vitongoji ambavyo mtandao unaupata ukipanda juu ya kilima. Mafunzo mengi ya kutumia simu darasani niliyowahi kuhudhuria yalianza na programu: pakua hii, jisajili kule. Mimi naomba mwalimu aanze na maswali matatu. Simu ni ya nani nyumbani kwa mwanafunzi? Inakuwa nyumbani saa ngapi? Nani analipia chaji na bando? Ukipata majibu ya hayo, programu utaichagua bila shida. Usipoyapata, hata programu nzuri kuliko zote itawafikia watoto walewale ambao hata bila wewe wangesoma.

Kazi ya kwanza ilikuwa namba za wazazi. Mwalimu wa taaluma alikuwa na daftari zuri, kila mwanafunzi na namba ya mzazi wake. Tulipoanza kupiga, nyingi hazikupatikana. Sababu tuliielewa baadaye: mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Wazazi wengi wa huku walikuwa bado hawajapata namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo wakahamia kwenye laini zilizosajiliwa na ndugu. Unapiga namba ya baba wa mwanafunzi, anapokea shemeji yake aliyeko Mombo ambaye hajamwona mtoto tangu Krismasi.

Waliotuokoa ni wenyeviti wa vitongoji, imamu wa msikiti wa karibu na shule, na vijana wa bodaboda wanaojua nyumba zote. Tulizipata namba kidogo kidogo, na wiki za mwanzo ziliishia humo. Siku hizi nakusanya namba upya kila mwanzo wa muhula, kwenye kipande cha karatasi ambacho mwanafunzi anakwenda nacho nyumbani. Naomba namba mbili, ya nyumbani na ya jirani wanayemwamini. Nauliza ni simu ya kitochi au simu janja, nani anatembea nayo mchana, na saa ngapi inakuwa mikononi mwa mtoto. Kuchambua karatasi hizo ni kazi ya jioni moja, lakini zinakuonyesha darasa lako ambavyo hakuna programu itakavyokuonyesha.

Kwa hamu ya kuanza haraka, walimu tulifungua kundi la WhatsApp la Kidato cha Tatu. Jioni ya kwanza ilikuwa na furaha ya kweli. Watoto walisalimiana, wakaulizana habari, wakatuma picha za mvua. "Shikamoo Madam" zilinimiminikia mpaka nikashindwa kuzijibu zote. Nikapiga picha kurasa za notisi zangu za mfumo wa damu, nikazituma zote usiku uleule.

Kufikia mwisho wa juma hali ilijionyesha. Waliojiunga hawakufika hata theluthi ya darasa, na karibu wote walikuwa wanatumia simu ya baba. Baba huyo anapanda Fuso la mboga usiku kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam, na simu anaondoka nayo. Somo nililotuma saa tatu asubuhi linamfikia mtoto keshokutwa usiku, baba amerudi, amechoka, na chaji imebaki kidogo. Mtoto anafungua, anakuta maswali yameshajibiwa na wenzake na sisi tumeshahamia mada nyingine. Wengine waliacha kufungua kabisa. Baadaye mmoja aliniambia kwamba kila alipofungua kundi alijisikia amefeli kabla hajaanza.

Kisha bando. Mzee mmoja, mzazi wa kijana makini sana, alinipigia mchana. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za familia yangu zote kama ilivyo desturi, ndipo akasema: "Mwalimu, kazi yako naiheshimu. Ila bando la wiki nzima limekwisha jana, na mimi nikitaka kujua bei ya kabichi mjini natumia hiyohiyo WhatsApp. Nikose bei, nauza hasara." Alikuwa na haki. Kila picha niliyotuma ilikuwa inajipakua yenyewe kwenye simu yake, hata kama mtoto hakuiangalia.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kiufundi ninalomfundisha mzazi yeyote ni kuzima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kwenye mipangilio ya WhatsApp. Jambo la pili ni la mwalimu mwenyewe, ajue uzito wa anachotuma. Ujumbe wa sauti wa dakika tano haufiki hata MB moja, au unaizidi kidogo tu. Video ya dakika hizohizo tano inaweza kumeza MB makumi. Picha ya ukurasa wa daftari iko katikati, na mara nyingi haisomeki. Tangu pale sijatuma tena video kwa mzazi ambaye sijui anaishi kwa bando gani.

Sasa niseme kuhusu usalama, na hapa naomba mwalimu asipite haraka. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp, kila mwanakundi anaziona namba za wenzake wote. Simu zile ni za kina baba, kaka, wajomba, wapangaji. Mama mmoja alinipigia akiwa na hasira iliyochanganyika na woga: kuna mwanaume alikuwa anatuma ujumbe usiku kwenye simu yake akimtaka binti yake kwa jina, na namba ameitoa kwenye kundi la shule. Tulilifunga kundi siku ileile na kumpa taarifa mkuu wa shule. Mama alibadilisha laini, gharama yake yeye, usumbufu wake yeye. Nilikaa na uchungu huo muda mrefu, kwa sababu mzazi alitukabidhi namba ili mtoto asome.

Badala ya kundi tukatumia orodha ya matangazo, ambayo ipo ndani ya WhatsApp hiyohiyo. Unaandika ujumbe mara moja, unamfikia kila mmoja peke yake, na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Ina sharti moja linalowakwaza wengi: ujumbe haumfikii mtu ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo mpigie kila mzazi kwanza, mwombe aihifadhi, subiri mpaka akuambie tayari. Siku hizi tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mzazi ni taarifa binafsi. Shule inayozigawa ovyo haikosi adabu tu, inavunja sheria.

Orodha ya matangazo ilitatua hatari, lakini wenye kitochi walibaki nje, na wao ndio walikuwa wengi. Hapo ndipo tuliporudi kwenye meseji ya kawaida, kitu ambacho walimu wenzangu wawili walikiona ni kurudi nyuma. Mimi naona ndicho kilichotufikisha mbali kuliko vyote.

Meseji moja inachukua herufi 160, ukihesabu na nafasi. Ukiweka hata kikatuni kimoja cha uso unaocheka, nafasi inashuka hadi herufi 70, na meseji yako inagawanyika vipande viwili au vitatu ambavyo unavilipia vyote. Wengi hawalijui hili wanashangaa kwa nini meseji zao zinaisha. Kuandika swali la Biolojia la herufi 160 ni kazi ya kichwa kweli. Lazima ujue unachouliza hasa. Nilizoea kuyaandika mchana kwenye karatasi, nikifuta neno moja moja, na nakiri maswali yangu ya mtihani yamekuwa bora tangu wakati huo kwa sababu ya zoezi lile.

Nilituma saa moja usiku, kwa kuwa mazungumzo yangu na wazazi yalinionyesha kwamba huo ndio wakati simu nyingi ziko nyumbani. Swali moja tu kwa siku. Sikutaka jibu lirudi kwa simu, maana kujibu kunahitaji salio la mzazi. Mwanafunzi anaandika jibu kwenye daftari, kesho yake meseji ya jioni inaanza na jibu sahihi kwa kifupi, kisha swali jipya. Daftari nitalikagua shule zikifunguliwa. Tulijaribu pia mtindo wa kubipu, mara moja kwa jibu la A na mara mbili kwa B, ukavurugika haraka. Ndugu wa mbali wanapiga, laini inatumika, na mtoto anapata adhabu ya kumaliza chaji.

Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wa taifa utakuwa kwa Kiingereza. Lakini mtoto aliyeko nyumbani hana wa kumweleza maana. Kwa hiyo, mara mbili kwa juma, nilirekodi maelezo ya Kiswahili ya dakika nne au tano. Ilikuwa masika, na nyumba yangu ni ya bati. Mvua ikianza, hakuna kinachosikika. Nilirekodi alfajiri, kabla wingu halijashuka, nikiwa nimejifunika blanketi kichwani ili sauti isitoe mwangwi. Mume wangu alizoea kuamka akinisikia nikieleza kazi ya figo chini ya blanketi.

Halafu nikapata habari iliyobadilisha namna ninavyorekodi. Sauti zangu hazikuwa zinasikilizwa na mtoto mmoja mmoja. Kwenye kitongoji kimoja watoto sita au saba walikuwa wanakutana barazani kwa mzee mwenye simu janja, simu inawekwa kwenye bakuli tupu ili sauti ikue, wanasikiliza pamoja, wakiwemo wadogo wa darasa la saba. Kumbe nilikuwa na darasa. Tangu siku hiyo nikaanza kusema na kundi: "Simamisheni hapa. Mmoja achore moyo chini kwa kijiti, wengine mtaje vyumba vinne. Mkimaliza endeleeni." Sauti iliyo na kazi ndani yake inafundisha. Ile ya kusoma notisi tu inawalaza.

Kwa wale wasio na simu janja jirani, kijana wa duka la kuchaji simu ndiye aliyetupa njia. Kitochi nyingi zina nafasi ya memori kadi na zinacheza nyimbo. Akajitolea kuweka masomo yangu kwenye kadi za watu wanapoleta simu kuchaji. Mara ya kwanza hayakucheza. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unahifadhiwa kwa aina ya faili ambayo kitochi haiitambui, lazima ugeuzwe kuwa MP3. Sasa narekodi moja kwa moja kwa programu ya kurekodi inayotoa MP3, kisha faili hilohilo natuma kote. Jambo dogo, lakini lingetufungia nje vitongoji vyote vya juu.

Chaji nayo ina bei. Kuchaji simu dukani kulikuwa shilingi 300 mpaka 500. Wenye sola walipata tabu, maana masika na ule ukungu wa Juni huku milimani jua linaweza kukosekana siku kadhaa. Simu janja ikichajiwa inadumu siku moja; kitochi inakaa siku nne au tano. Mzazi anayezima simu mchana kutwa anatunza chaji, na mwalimu asimchukulie kuwa hajali. Nilijifunza kuuliza hivyo kabla ya kulalamika.

Gharama zangu nizitaje pia, kwa sababu walimu tunaona aibu kuzisema. Meseji zilikuwa nafuu, kifurushi cha shilingi mia tano kilitosha siku kadhaa. Bando la intaneti na muda wa kupiga simu ndivyo vilivyoniumiza; kuna mwezi nilitumia zaidi ya shilingi elfu thelathini kutoka mfukoni mwangu. Shule haikuwa na fungu la kazi hiyo. Zaidi ya fedha, ulikuwa muda. Wazazi walipiga saa nne usiku, wengine kuuliza somo, wengine kuuliza kama kweli ugonjwa umefika Tanga, wengine kulia tu. Nilikuwa naogopa kama wao. Mwishowe niliweka saa za kupokea simu, na niliwaambia wazi kwamba baada ya saa mbili na nusu usiku simu inazimwa. Hakuna aliyekasirika. Ningelifanya wiki ya kwanza.

Wakati huo masomo yalikuwa yanarushwa pia kwenye redio na televisheni. Televisheni huku ni chache, lakini kitochi ina redio, na mara nyingi meseji yangu yenye faida kubwa ilikuwa ile ya kuwakumbusha saa ya kipindi. Mwalimu asione kwamba lazima kila kitu kitoke kwake.

Shule zilipofunguliwa nilikagua madaftari. Wengi waliopata meseji walikuwa wameandika, wengine vizuri mno. Mahali pa udhaifu palikuwa wazi: michoro. Huwezi kufundisha kuchora nefroni, kile kichujio kidogo ndani ya figo, kwa sauti. Mwenzangu wa Hisabati alisema kwake ilikuwa mbaya zaidi, na ninamwamini. Na kulikuwa na watoto ambao hawakupata chochote, hakuna simu nyumbani wala kwa jirani. Hao walikaa nyuma wameinamisha vichwa wenzao walipotoa madaftari. Tukakubaliana walimu wote kuanza mada zile upya kwa darasa zima, bila kuuliza nani alipata na nani hakupata. Waliokwisha kusoma tukawapa kazi ya kuwaongoza wenzao kwenye makundi. Shule ikifungwa tena leo, ningeanza na hao wasio na simu: karatasi zilizochapwa, zikipelekwa na bodaboda, ndipo nifikirie wengine.

Kuna mmoja ambaye hakurudi. Binti wa Kidato cha Tatu, mwenye mwandiko mzuri, alipata ujauzito shule zikiwa zimefungwa, na kwa utaratibu wa wakati ule hakuruhusiwa kuendelea katika shule ya serikali. Niliandaa orodha mpya ya namba ya muhula, namba ya mama yake nikaiacha nje. Jioni ya pili mama akaniandikia: "Mwalimu, swali la leo halijafika. Mwanangu analisubiri." Nikamrudisha. Nilituma maswali, na sauti kwenye kadi kupitia duka la kuchaji, mwaka mzima na zaidi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya kujifungua wanaweza kurudi. Yeye mtoto wake alikuwa bado mdogo, akaamua kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alipata D ya Biolojia. D ni ufaulu. Nilimpigia mama yake kumpongeza kabla sijampigia mtu mwingine yeyote.

Kwa sababu yake nashikilia kwamba meseji zisikome na korona zikaachwa. Mwanafunzi aliyelazwa, anayeuguza, aliyezuiwa na mto uliojaa, hawa wote wanafikika kwa herufi 160.

Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na kwa shule yetu nakubaliana na katazo hilo. Lakini simu ya mwalimu mmoja inatosha kufanya mengi. Tuna hadubini moja kwa darasa kubwa. Zamani kila mtoto alichungulia sekunde chache, nusu yao wakaona kope zao wenyewe, kipindi kikaisha. Sasa naweka ngozi nyembamba ya kitunguu yenye tone la iodini, naanza na lenzi ya ukuzaji mdogo, kisha naegemeza kamera ya simu kwenye jicho la hadubini mpaka duara la mwanga lijae kwenye kioo. Mkono ukitetemeka picha inaharibika, kwa hiyo nimetengeneza kibomba cha karatasi ngumu kinachokaa kati ya jicho la hadubini na kamera, kimefungwa kwa mipira. Futa kamera kwanza kwa kitambaa safi. Picha ikishapatikana, simu inazunguka kwenye meza, watoto wanaichora bila haraka. Mara ya kwanza walipoona kuta za seli zimejipanga, darasa lilinyamaza, kisha wakaanza kugombania kuona tena.

Nje pia. Milima ya Usambara imejaa vitu vya silabasi: kuvumwani kwenye kuta zenye unyevu, na lile ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima linapandwa madirishani na asili yake ni misitu ya hapa na ya milima jirani. Tunatembea nusu saa, napiga picha wanazoniagiza wao, tukirudi darasani wanaziainisha kutoka kwenye simu. Hakuna bando lililotumika.

Watu wakisikia teknolojia ya elimu na mkoa wa Tanga, wanakumbuka lile jaribio la XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kujifunzia. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wetu walipewa vishikwambi wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Mei 2019 timu mbili zilizotengeneza programu, onebillion na Kitkit School, ziligawana tuzo kuu. Wengi walichokisifu ni programu, na zilistahili. Mimi nikisoma habari zake naangalia mengine: kila mtoto alikuwa na kifaa chake, kila kijiji kilikuwa na kituo cha sola cha kuchajia, na masomo yalikuwa ndani ya kifaa, hayakudai bando. Yale maswali matatu niliyotaja mwanzoni yalikuwa yamejibiwa na mfadhili kabla mtoto hajagusa kioo. Shule ya kata inapoiga programu bila kuyajibu, isitegemee matokeo yaleyale.

Sisi walimu tulipata vishikwambi vyetu baada ya Sensa ya Agosti 2022, vile vilivyotumika kuhesabu watu vikagawiwa kwa walimu wa shule za serikali. Nilishukuru sana. Nikakuta wenzangu kadhaa wamevifungia kabatini kwa sababu ya bando, nami nikawaonyesha kwamba kifaa hiki kinafaa zaidi bila mtandao. Siku moja kwa mwezi nashuka Lushoto mjini, mahali penye mtandao wa kasi, napakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Wikipedia kupitia programu ya Kiwix inayoisoma bila intaneti. Ya Kiswahili ni faili la kawaida tu. Ya Kiingereza nzima ni kubwa mno, chagua vifurushi vya mada. Nikirudi, walimu wenzangu wanachukua kwangu kwa Bluetooth. Video fupi za mapigo ya moyo nimezihifadhi humo, na spika ndogo niliyonunua mwenyewe inatosha darasa zima.

Kinachonisumbua bado ni chaji ya familia zisizo na umeme. Nimepeleka ombi kwenye bodi ya shule kwamba kona ya stoo iliyo karibu na soketi iwe mahali pa mwanafunzi kuleta kitochi ya nyumbani asubuhi, ikabidhiwe kwa mwalimu wa zamu ikiwa imezimwa, na kurudishwa jioni imejaa. Wajumbe wawili wanahofia katazo la simu litalegea, na hofu yao ina msingi. Nimeandika utaratibu wa daftari la kukabidhi na kupokea, na mzazi kusaini. Kikao ni mwisho wa mwezi huu.